Doa Alilolijua Dobi

Lifti ya jengo la maduka ilikuwa imejaa pomoni na bado watu walizidi kujisukuma ndani. Dobi alisimama katikati, mkono juu, ameshika hanga yenye shati jeupe la mteja kama mtu aliyebeba yai. Mlango ukiwa unajifunga, msichana mmoja akajitosa: sketi ya bluu iliyomkaa, viatu vya kisigino, midomo imekolea rangi nyekundu. Lifti ikashtuka. Uso wake ukatua kwenye kola ya shati.

"Mungu wangu! Samahani, kaka!"

Dobi akalitazama shati. Midomo yote miwili ilikuwa pale, imejichora vizuri kabisa.

"Usiniombe samahani mimi. Kamwombe mke wa mwenye shati."

Lifti nzima ikaangua kicheko.

"Nipe nikalifue mwenyewe," msichana alisema, haya zimemjaa.

"Ulifue kwa kitu gani, kwa machozi? Hiyo ni kazi ya watu, dada yangu. Njoo jioni uone."

Akaenda. Msichana huyo alikuwa mhazili katika ofisi ya mawakili ghorofa ya juu, na alijiambia kwamba anakwenda kulikagua shati tu. Akamkuta dobi anaigonga kola kwa kitambaa chenye spiriti, taratibu, nyuma ya doa, huku dada yake mkubwa akihudumia wateja mbele. Duka lilinuka sabuni na mvuke. Shati lilitakata, na mhazili hakuondoka mpaka duka lilipofungwa.

Mapenzi yakaota. Simu hazikukauka.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Napiga pasi suruali ya mheshimiwa mmoja. Nikiishika nakukumbuka wewe."

"Suruali?"

"Pasi. Inaunguza."

"Mjinga wewe! Angalia usiunguze nguo za watu."

Basi yangeishia hapo ningefurahi. Lakini baada ya miezi kadhaa mhazili alianza kuvaa sweta katika joto la kukaanga mayai. Dobi akitaka kumkumbatia, yeye hukunja mikono kifuani na kurudi nyuma.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Hujanikosea. Nimechoka na kazi tu."

Ukweli aliujua yeye na bafu lao. Maziwa yalikuwa yakimtoka kifuani. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekatika, naye hakuwa amewahi kulala na mwanamume. Angemwambia nani akaaminiwa? Alijaza pamba ndani ya sidiria, akafua blauzi zake kwa siri, akaomba yaishe yenyewe. Aibu ilimfunga mdomo hata kwa mama yake mzazi.

Maji yakakatika mtaani kwao. Mama, asijue hili wala lile, akafunga furushi la nguo zote za nyumbani na kulipeleka kwa mkwe mtarajiwa. Dobi alipolifungua akaikuta blauzi ya krimu. Mbele, kila upande, palikuwa na doa la mviringo, manjano kwa mbali, kitambaa kimekakamaa. Kila wiki alipokea nguo kama hiyo kutoka kwa wanawake wanaonyonyesha. Kulitambua doa hilo hakuhitaji miwani.

"Ana mtoto," alimnong'oneza dada yake. "Ndiyo maana ananikimbia."

"Muulize kwanza."

"Atakana kwa aibu. Mimi nataka ajue sijali. Tutakapokwenda kujitambulisha, nitalisema mwenyewe."

"Wewe! Muulize kwanza, nakwambia."

Mwanamume akishajiona mwema, masikio huziba. Siku ya kujitambulisha alivaa suti iliyonyooka kila mshono, akapakata kifurushi cha karatasi inayong'aa. Sebuleni walikuwepo mama, mjomba, na majirani wawili waliokuja kusaidia jikoni. Mhazili alikaa pembeni, gauni la kijani, sweta juu yake. Mjomba alipompa nafasi ya kusema, dobi akasimama.

"Wazee wangu, Waswahili husema ukipenda boga, penda na ua lake. Najua binti yenu ana mtoto mchanga anayefichwa. Mimi simkatai. Nimemletea zawadi."

Akafungua kifurushi. Fulana ndogo. Soksi ndogo. Kofia yenye masikio.

"Mtoto gani?" mama akauliza.

Dobi akageuka kwa mpenzi wake, bado anatabasamu. "Waambie, mpenzi. Usiogope. Nimeona maziwa kwenye blauzi yako."

Macho yote yakamwangukia msichana kifuani. Akajikumbatia, akainuka, akakimbilia chumbani. Jirani mmoja akaguna. Lile tabasamu la dobi lilibaki usoni kidogo, halijui pa kwenda.

"Kijana," mjomba alisema, "chukua vitu vyako."

Chumbani, mama alifunga mlango kwa ufunguo.

"Umezaa, mwanangu?"

"Sijawahi hata kumjua mwanamume, mama."

"Na maziwa?"

"Sijui! Sijui, mama, sijui!"

Wakalia wote wawili. Asubuhi wakaenda hospitali. Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, aliagiza vipimo vya damu na picha ya kichwa. Majibu yalipotoka akawakalisha.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Ndani yake zimo seli zinazotoa homoni ya maziwa. Kila siku seli chache huzaliwa, nyingine hufa, hesabu haipandi ovyo. Inayozizuia ni homoni nyingine, inateremka kutoka kwenye ubongo kuziambia: basi, inatosha. Mwanamke akishika mimba, homoni za mimba huziruhusu ziongezeke. Akiachisha kunyonyesha, nyingi hufa. Kwako kuna kikundi kimezaana bila ruhusa."

"Ni saratani?" mama aliuliza.

"Hapana, ni uvimbe mdogo usioenea. Dawa hii itaiga ile homoni ya kuzuia. Maziwa yatakauka, seli zitasinyaa, nyingine zitakufa. Lakini umechelewa kuja, binti. Uvimbe ungekua zaidi, ungebana mishipa ya macho."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Tezi haikukuomba ruhusa."

Huku dobi alipiga simu mpaka akajichukia. Haikupokelewa. Dukani aliunguza suruali mbili, na dada yake hakumhurumia. "Nilikwambia umuulize," alisema kila alipopita karibu na meza ya pasi. Hatimaye simu ikaita.

"Tafadhali usikate," dobi aliropoka.

"Nimekupigia mimi, nikate vipi?"

Akamweleza yote, tezi na seli na vidonge. Dobi akakaa chini juu ya furushi la mashuka.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Umenivua nguo mbele ya mjomba wangu. Najua, bila kelele zako nisingefika hospitali. Usijipongeze."

"Sijipongezi. Naona haya hata kushika nguo za watu."

"Haya zako umejifungia nazo dukani. Zangu zimezunguka mtaa mzima. Nikienda sokoni wananiuliza mtoto hajambo."

"Nifanye nini?"

"Ulikosea mbele ya watu."

Akaenda. Hakuvaa suti. Aliomba na wale majirani waitwe, akasimama palepale sebuleni, jasho likimtiririka.

"Nilimzushia. Hana mtoto, wala hakunidanganya. Nilikuwa na mdomo wa kumuuliza, nikautumia kumwaibisha. Naomba radhi kwake, kwa mama, na kwako mjomba. Na nyinyi mliosikia uongo wangu, nawaomba mkausahihishe huko mlikoufikisha."

Majirani wakatazama sakafu.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," mjomba alisema. Kisha akavuta kiti. "Kaa."

Mlangoni, wakati wa kuagana, dobi alisema kwa sauti ndogo, "Bado nataka kukuoa."

"Daktari anasema mimba inaweza kuukuza uvimbe. Nikizaa, nitazaa nikiangaliwa. Huenda nisizae."

"Nimesikia. Bado nataka kukuoa."

"Jumanne nina kliniki," mhazili alisema. "Ukitaka, njoo."

Benchi la kliniki lilijaa wajawazito na wanawake wenye watoto wachanga. Dobi alikaa mwishoni, magoti pamoja, macho kwenye viatu vyake. Mama aliyekuwa akinyonyesha alimgeukia mhazili.

"Wako ana miezi mingapi?"

Dobi alitamani ardhi ipasuke. Mhazili akamtazama yule mama usoni.

"Sina mtoto, dada. Ni tezi, nameza dawa."

"Ooh. Pole, mwaya."

Ikawa ni hilo tu. Muuguzi akafungua mlango, akaita jina la mhazili, akamwona dobi akifuata.

"Huyu kaka ni nani? Ndani wanaingia ndugu tu."

Dobi akaanza kurudi kwenye benchi bila ubishi. Alijua hana cheo cha kudai. Lakini mkono ukamshika shati kwa nyuma.

"Ni mchumba wangu," mhazili alisema, na benchi lote likasikia.

Uso ulimwiva kwa haya, ila hakuuinamisha.

"Basi ingieni," muuguzi alisema. "Mnaziba mlango."