Maneno ya Gladwell

Kila Jumamosi, Chemutai alifua sare zake mapema kuliko msichana yeyote pale Kibomet, mjini Kitale. Kufikia saa tisa sketi na blauzi zilikuwa kwenye kamba, sakafu imepigwa deki, na betri za redio zimetolewa juani, ambako alikuwa amezianika tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Saa kumi kamili alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, kaseti imo ndani ya redio na kidole kimetua juu ya kitufe cha kurekodi. Saa hiyo mama yake alijua kwamba hata akimwita mara tatu, hataitikiwa.

Sababu ya yote hayo ilikuwa Nakhungu. Huyu alikuwa mwanamke wa Matulo, karibu na Webuye, aliyeanza kupiga gitaa siku za soko kule Chwele, akiwaimbia wauza ndizi na wauza mbuzi, mpaka sauti yake ikafika redioni. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, na Chemutai aliisikia mpaka tumboni. Msichana huyu wa darasa la saba alikuwa na nyimbo kumi na moja za Nakhungu katika kaseti mbili. Nyumbani kwao walizungumza Kisabaoti, lakini aliziimba hata nyimbo za Kibukusu, neno kwa neno, hata majirani wakamwita Nakhungu Mdogo.

Jambo moja tu lilimkera. Mtangazaji hakuwa na subira. Kila wimbo ulipokaribia kwisha, aliukatiza na kuanza kutangaza sabuni. Chemutai hakuwahi kusikia mwisho wa wimbo wowote wa Nakhungu.

Hakuwa akisikiliza peke yake. Kwenye ngazi ya mlango aliketi Gladwell, jirani yake wa ploti hiyo hiyo na mwenzake wa dawati moja shuleni. Kwa kina Gladwell hapakuwa na redio. Mama yake, Wamboi, alifanya vibarua katika mashamba ya watu, akivuna na kupukuchua mahindi. Gladwell hakujua kuimba, na mwenyewe alikiri hivyo bila haya. Alichopenda ni maneno. Siku moja aliandika mistari minne katika daftari lake:

Mama yangu hupukuchua mahindi ya watu,
vidole vyake vimekuwa ramani ya mashamba yao.
Nikiugua hunishika paji la uso,
nami huisoma ramani ile hadi nilale.

Chemutai aliisoma mistari hiyo, kisha akaanza kuitafutia sauti. Jioni hiyo hiyo ikawa wimbo, na wakauimba siku nyingi, mmoja akiimba na mwingine akipiga makofi.

Jumamosi moja ya Juni, mwaka wa elfu mbili na tano, Gladwell alikuwa shambani akimsaidia mama yake. Ndiyo siku ambayo mtangazaji alisema Nakhungu angetumbuiza mjini Bungoma mwezi uliofuata. Watoto watume maneno ya wimbo waliotunga wenyewe, akasema, na mtoto mmoja atachaguliwa apande jukwaani aimbe naye.

Chemutai alichukua karatasi papo hapo. Mistari ile minne aliijua kwa moyo. Aliiandika kwa mwandiko wake bora, lakini alipofika mahali pa jina, kalamu ilisita. Mtoto mmoja, mtangazaji alikuwa amesema. Akiandika majina mawili, huenda wakamchagua Gladwell, ambaye hata haimbi. Na sauti si ni yangu, alijiambia. Akaandika jina lake, akaifunga bahasha upesi kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akimchungulia.

Wiki tatu baadaye, wasichana wawili wakiwa mahali pao pa kila Jumamosi, mtangazaji alisoma mistari minne kwa sauti ya taratibu. Kisha akasema, "Hongera kwa mtunzi wetu, Chemutai Kipruto wa Kibomet."

Mama yake alipiga vigelegele kutoka jikoni. Gladwell alibaki ameketi pale ngazini.

"Ulisahau jina langu," akauliza polepole, "ama hapakuwa na nafasi?"

"Walitaka jina moja tu, Gladi. Walisema hivyo."

"Sawa," Gladwell akasema. Akainuka, akajipangusa sketi, akaenda kuteka maji.

Jumamosi iliyofuata ngazi ilikuwa tupu. Shuleni waliendelea kuketi dawati moja, na Gladwell aliendelea kumwazima raba na rula. Lakini hakuwa na hadithi tena. Chemutai alijaribu kumchekesha, akashindwa, akaacha.

Siku ya kwenda Bungoma ilipowadia, baba yake, Kipruto, ambaye alikuwa seremala, aliomba ruhusa kazini. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amemshonea rinda la buluu lenye kola nyeupe. Chemutai na baba yake walifika saa tano. Mlangoni mwa ukumbi mwanamume mmoja aliuliza jina la Chemutai, akawapitisha hadi chumba kidogo cha nyuma.

Humo aliketi mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya raba, akila hindi la kuchoma, gitaa limelala mapajani. Chemutai alimpita kwa macho akimtafuta Nakhungu, mpaka mwanamke yule aliposema, "Karibuni, ketini hapa." Ilikuwa sauti ile ile.

"Wewe ndiwe wa ramani," Nakhungu akasema, akimmegea kipande cha hindi. "Mimi nimeimba miaka ishirini, na sijawahi kuona vidole vya mtu namna hiyo. Ulikuwa ukimfikiria nani, mwanangu?"

"Mama yangu," Chemutai akajibu.

Kipruto alimgeukia bintiye. Mkewe hakuwa amepukuchua mahindi ya mtu maishani mwake. Akaanza kuitazama kofia yake.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo walimu, waendesha bodaboda, akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao, na wazee waliokuja na viti kutoka nyumbani. Chemutai na baba yake waliketi mstari wa mbele. Nakhungu alipopiga uzi wa kwanza, Chemutai alihisi sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake. Redio yao haikuwa imemwambia hata nusu ya habari. Haikuwa imemwambia kwamba Nakhungu hufumba macho kabla ya kupanda sauti ya juu, wala kwamba mguu wake wa kushoto hucheza peke yake kama wa mtoto. Bibi mmoja aliyeketi karibu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, akipangusa uso kwa ncha ya leso. Chemutai aliimba kila wimbo mpaka koo likakauka. Kwa muda mrefu hakukumbuka barua, wala Gladwell, wala kitu chochote.

Kisha ukaja wimbo alioupenda kuliko zote. Hapa hapakuwa na wa kuukatiza, na kwa mara ya kwanza Chemutai aliusikia mpaka mwisho. Gitaa lilishuka polepole, likabaki uzi mmoja, na Nakhungu akazungumza juu ya mlio huo.

"Wimbo huu umenilisha," akasema, "lakini si mimi niliyeutunga. Aliutunga Gicheru, fundi wa baiskeli, akiziba pancha kando ya barabara. Aliniachia. Kila niuimbapo humtaja. Redioni hukata hapa, lakini nyinyi mmekuja wenyewe, kwa hiyo mmemsikia."

Watu wakapiga makofi. Chemutai hakupiga. Ule utamu wote wa mchana ukamgeuka kinywani ukawa uchungu. Alikuwa bado ameinama alipoitwa jina lake.

Alipanda ngazi za jukwaa akijihisi anapanda mlima. Nakhungu alimwinamia. "Uko tayari?"

"Mama," Chemutai akanong'ona, "yale maneno si yangu."

Nakhungu aliweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza. "Ni ya nani?"

"Ya rafiki yangu, Gladwell. Mama anayepukuchua ni mama yake. Mimi nilitia sauti tu."

"Gladwell anajua umekuja nayo hapa?"

"Anajua. Lakini nilimdanganya. Nilimwambia walitaka jina moja."

Nakhungu alimtazama. Hakukasirika, na hilo likamuumiza Chemutai zaidi. Kisha akateremsha maikrofoni hadi usawa wa mdomo wa msichana. "Mimi umekwisha kuniambia. Sasa waambie hawa."

Chemutai aliwaambia. Mahali fulani nyuma mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Alitaja jina la Gladwell mara mbili, kwa maana mara ya kwanza halikusikika. Alipomaliza, akasubiri kuzomewa. Badala yake yule bibi wa leso akasema kwa sauti iliyosikika kote, "Asante, mjukuu wangu. Hayo ni magumu."

"Wimbo huu tutauweka kando kwa leo," Nakhungu akawaambia watu. "Una wenyewe wawili, na mmoja hajaulizwa. Nikipata ruhusa yake, tutauimba Kitale." Akamshika Chemutai mkono, akamteremsha mwenyewe. Hivyo ndivyo Chemutai alivyopanda jukwaa la Nakhungu na kushuka bila kuimba hata mstari mmoja.

Walipokuwa wakirudi kituoni, Kipruto alisema, "Kule chumbani nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uyaseme mwenyewe."

"Umeaibika, Baba?"

"Kule chumbani niliaibika. Pale jukwaani, hapana."

Kesho yake, baada ya ibada, Chemutai alibisha mlango wa kina Gladwell. Alisema yote bila kupunguza, hata lile neno alilomwambia Nakhungu, kwamba mama wa wimbo ni mama yake yeye Chemutai. Gladwell alisikiliza akichambua mchele, bila kuinua kichwa.

"Kilichoniuma si jina, Chemu," akasema mwishowe. "Uliniambia hawakutaka majina mawili, na mimi nikakuamini. Siku mbili nzima nilikuwa nakutetea kwa Mama, mpaka nikasikia kwa wengine tangazo lilivyosemwa. Ati yeye ndiye amekosea kukushuku."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Haikuwa siku ile, wala Jumamosi ile. Wiki tatu zilipita. Kisha mchana mmoja Chemutai akiwa ameketi dirishani, kivuli kiliangukia mlango, na Gladwell akaketi mahali pake. "Hebu uimbe," akasema. Chemutai akaimba. Gladwell akatikisa kichwa. "Mstari wa tatu unaukimbiza. Mama hashiki paji la uso la mtu kwa haraka bana." Wakacheka wote wawili, na kazi ikaanza upya. Siku hiyo waliandika barua kwa Nakhungu, na chini yake kulikuwa na majina mawili.

Mwezi wa kumi na moja, shule zilipofungwa, Nakhungu alikuja Kitale. Wasichana hao walisimama naye pamoja jukwaani. Chemutai aliimba, na Gladwell, ambaye haimbi, alisoma mistari yake minne kwanza, bila muziki, akimtazama mtu mmoja tu. Wamboi aliketi katikati ya watu, amevaa koti lake la kanisani. Ugomvi aliujua, lakini hakuwa amewahi kuyasikia maneno yenyewe. Alipoyasikia aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka wimbo ulipokwisha.

Baadaye, nje ya ukumbi, Chemutai alimwendea. "Mama Gladwell, mimi ndimi niliyeyachukua."

"Najua," Wamboi akasema. Akamvuta karibu, akamweka upande mmoja na bintiye upande wa pili. "Sikiliza, mwanangu. Sauti ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini ukitumia cha mwenzako, hata kiwe neno moja, mtaje. Kumtaja mwenzako hakukupunguzii kitu. Leo hii nani kati yenu amepungua?"

Chemutai alimtazama Gladwell, na Gladwell akamtazama yeye.

"Hakuna," wakajibu.

"Basi twendeni nyumbani tukapike," Wamboi akasema, akatangulia mbele, akiimba mstari wa tatu polepole, kama ulivyopaswa kuimbwa.