Pete ya Aristote na Kidole ya Papa Anaclet

— Kuza ile photo. Kuza kabisa! Usiangalie samaki, angalia mukono!

Tantine Constance alikuwa anasimama mu mulango ya cuisine, pumzi juu, ananyoosha telefone mbele sawa muntu anaonyesha kadi yake ku polisi. Dorcelle aliacha chai, akapangusa mikono ku kikwembe, akakuza photo.

Ilikuwa imetoka ku page ya mashua ya kule Cape Town. Mashua nyeupe, bahari ya bluu, na samaki moja mukubwa sawa mutoto wa ngombe. Upande moja ya samaki, mwanamuke muzungu anacheka meno yote inje. Upande ingine, Aristote, fiancé, muchumba yake Dorcelle. Ule muzungu amemuzungusha mukono mu shingo. Na mukono ya kushoto ya Aristote, ile inashika mukia ya samaki, ku kidole hakukuwa kitu.

— Pete iko wapi? Tantine aliuliza.

Dorcelle alikuza photo tena. Ile pete ni yeye alimuvalisha, miaka mbili sasa, pale ku bus ya kwenda mupaka ya Kasumbalesa, siku Aristote alienda kutafuta kazi. Alimuapisha mbele ya bantu: "Hautaitosha mu kidole. Ku kunawa, ku kulala, ku kazi. Siku utaitosha, njo siku umenitosha miye." Aristote aliapa. Na sasa ilibakia juma moja tu, siku ya samedi ijayo, aingie na bajomba yake hapa mu quartier Hewa Bora kuleta dot, mali ya ndoa.

Mama Myriam alitoka mu chumba, akaangalia photo, akapiga mikono.

— Nilisemaka, mwanaume wa mbali iko sawa sufuria ku moto ya jirani. Hauyue nani anaifunika.

— Mama, unyamaze kwanza.

Dorcelle aliita. Ilikuwa saa moja ya asubui. Alijua mashua inatokaka mapema, na kama imefika mbali, réseau ya telefone inakufa mpaka mangaribi. Bahati, Aristote alikamata telefone.

— Allô, Dorcelle? Sema nguvu, injini iko na makelele!

— Pete iko wapi?

— Nini?

— Pete! Jana umepiga photo na muzungu, kidole iko wazi!

— Ule? Ule ni client, Dorcelle! Alikamata thon yake ya kwanza, furaha ikamuzidi, alitukumbatia shiye bote, hata kapiteni. Hata samaki alimubusu!

— Sikuulize habari ya samaki.

— Sikiliza. Pete iko hapa ku shingo, ndani ya kamba. Ku kazi kapiteni anakata...

Sauti ilikatika.

— Anakata nini? Tantine aliuliza.

— Anakata uongo, Mama Myriam alijibu.

Dorcelle aliandika mbio mbio: "Aristote. Vala pete sasa hivi unitumie photo. Kama hapana, samedi usikuye. Bajomba yako babakie kwabo."

Dakika moja. Mbili. Kisha telefone ililia.

"Nimevala. Siwezi kukupoteza juu ya pete. Ona."

Ilikuwa photo ya mukono ya kushoto. Pete inangaa. Nyuma yake, kamba ya nylon imezungushwa ku chuma. Dorcelle aliandika, "Merci chéri." Ile ujumbe haikufika. Mashua ilikuwa imeingia mu bahari kuu.

— Mumeona? Dorcelle alisema, na tabasamu ya muntu ameshinda kesi. Yangu iko mu kidole yake.

Saa tatu, bangali banaangalia ile photo, Papa Anaclet aliingia na nduu ya maji. Papa alitumika miaka makumi tatu mu atelier ya mine ya shaba, ku mashine ya kuzungusha chuma. Ku mukono yake ya kushoto mulikuwa vidole ine. Batoto bakimuuliza ya tano iko wapi, alikuwa anabajibu: "Nilikopeshaka muntu moja wa Likasi. Angali hayarudisha." Balicheka mpaka bakakomaa, na hakuna aliuliza tena.

— Munafurahia nini asubui yote hii?

Dorcelle alimuonyesha photo. Papa aliisogeza mbali, akaivuta karibu, vile bazee banaangaliaka.

— Ile kamba nyuma ni ya nini?

— Ya kulobea thon, Papa.

— Ile samaki ya mu boîte ya bati?

— Papa, mbele ya kuingia mu boîte iko kubwa kupita weye.

— Na bwana yako anafanyaka nini pale? Anapika?

— Hapana. Client analipa juu avute yeye mwenyewe na fimbo, saa moja, hata mbili. Samaki ikifika karibu na mashua, Aristote anashika kamba ya mwisho na mukono, anaizungusha ku mukono, anavuta. Mwingine anapiga samaki na ndoano.

— Anashika na mukono gani?

— Yote mbili.

Papa aliweka nduu chini pole pole. Maji ilimwangika ku miguu yake, hakuisikia.

— Nani alimuambia avale pete?

— Miye, Papa. Nilimuapisha hata...

— Mwambie atoshe.

— Papa, hauyue kwa nini...

— Nimesema atoshe! Sasa!

Hakuna siku Papa Anaclet alipandisha sauti mu ile nyumba. Tantine Constance alirudia nyuma mpaka akagonga mbabula ya makala. Dorcelle aligeukia mama yake, na akakuta Mama Myriam ameshika kinywa na mikono yote mbili.

— Mama? Iko nini?

— Myriam, Papa alisema, sauti imeshuka tena. Umuambie weye.

Mama Myriam aliikala chini, pale pale ku ciment.

— Hakuna muntu wa Likasi, mwanangu. Ni miye. Bantu baliniambia baba yako anacheka na infirmière moja, mwanamuke wa kuangalia bagonjwa ku dispensaire. Nilikuwa kijana, nilikuwa na wivu sawa weye. Mu atelier chef alikuwa anakataza pete. Baba yako alikuwa anaitosha asubui, anaiweka mu mufuko. Nikamuapisha. Nikamuambia, siku utaitosha ku kazi, narudia kwetu Manono. Akaivala.

— Na kisha?

— Siku tatu, Papa alijibu. Chuma ilishika pete. Mashine haiyue mambo ya mapendo.

Dorcelle aliona ile photo upya: pete, kamba, na nyuma ya kamba samaki ya kilo makumi munane inakimbia. "Kapiteni anakata..." Anakataza! Maneno ilimalizika yenyewe mu kichwa yake.

Aliita Aristote. Hakuna. Aliita tena. Hakuna.

— Merdi! alisema kwa nguvu. Papa, iko rafiki yake Merdi, mutoto wa Katuba, anaoshaka mashua kule ku port!

Merdi alikamata mara ya kwanza.

— Belle-sœur, shemeji yangu! Samedi tunakunywa munkoyo, ama?

— Merdi, munaweza kuongea na mashua ya Aristote?

— Iko radio ku bureau. Lakini mama wa bureau hapendi bantu bachezee radio yake.

— Mwambie Aristote amevala pete ku kazi. Mwambie ni kidole ya muntu!

— Amevala pete? Merdi hakucheka tena. Nani mupumbavu amemuambia...

— Ni miye, Merdi! Kimbia!

Balisikia viatu vyake vinapiga mbao. Balisikia mulango, kingereza, sauti ya mwanamuke anakataa, Merdi anabembeleza, kisha makelele ya radio, sawa mafuta inakaanga samaki mbichi. Papa alikuwa ameinamia telefone, vidole vyake ine juu ya meza.

— Belle-sœur? Kapiteni amejibu. Anasema tungojee, samaki iko ku kamba. Iko karibu. Aristote iko nyuma, amevala gant ya mikono, anataka kushika...

Sauti ilikufa.

— Merdi? Merdi! Dorcelle aliita, kisha akaangalia écran.

— Mégas za internet zimeisha! alilia.

Tantine Constance, yeye mwenye kuleta moto mu nyumba, alitupa sapato na akatoka mbio mpaka ku kibanda ya kona kununua mégas. Jirani moja alimuita, "Mama Constance, nani amekufa?" Hakugeuka. Alirudia na vumbi mpaka ku magoti.

Mégas zilipoingia, mulikuwa ujumbe moja tu ya Merdi: "Radio imenyamaza. Tunangojea."

Balingojea. Chai ilipoa. Mama Myriam alikuwa anasali pole pole, "Salamu Maria" moja nyuma ya ingine. Kisha akaacha, akamuangalia bwana yake.

— Miaka yote hii, haukunitupia ile neno. Hata siku moja tuligombana.

— Ningekutupia juu ya nini? Kidole ilikuwa yangu, na miye nilikubali.

— Ulipaswa kukatala, Anaclet.

— Nilikuwa nakupenda kubaya, Papa alisema. Muntu anapaswa kupenda na mayele kidogo.

Dakika makumi ine ilipita mbele ya Merdi kuita.

— Belle-sœur... yuko muzima. Vidole vyote. Mengine atakuambia mwenyewe.

Dorcelle alilia sawa mutoto, na Tantine alilia kumupita.

Saa kumi na moja ya mangaribi Aristote aliita na vidéo. Uso ilikuwa imeungua na jua, na macho ilikuwa inakimbia kimbia.

— Dorcelle, mbele ya yote, unisamehe. Pete imepotea.

— Onyesha mukono.

— Kapiteni alipiga kelele, "Ring! Ring off!" Nikatosha gant, pete haitoke, mukono ilivimba na chumvi. Nikapakaa ute ya samaki, ikateleza, ikaanguka, ikapita mu tundu ya maji mpaka bahari. Nitanunua ingine, naapa...

— Usiape tena! Onyesha mukono, Aristote.

Aliinua mukono. Vidole tano. Ku ya ine, musitari mwekundu tu.

— Kisha nikarudisha gant mbio, sikupata wakati ya kuivala muzuri, alisema pole. Samaki ilikimbia mara moja tena. Kamba ilikamata gant ku kidole, ikaenda nayo. Gant yote, Dorcelle.

Dorcelle aligusa ile musitari ku écran.

— Juu ya nini haukuniambia unaitoshaka ku kazi?

— Nilikuwa nakuogopa.

— Miaka mbili?

— Thon naogopa kidogo. Weye, mingi.

Nyuma ya Dorcelle, Papa alikohoa, na ile kikohozi ilikuwa kicheko.

Samedi, parcelle ya Papa Anaclet ilijaa. Bajomba ya Aristote baliikala upande moja, bantu ba Manono, jamaa ya Mama Myriam, upande ingine, na Tantine Constance mu katikati na kikwembe mupya, anaelezea kila muntu vile yeye njo aliokoa mambo. Mjomba mukubwa alisimama, akatosha kofia.

— Tumekuya kuomba ua mu hii parcelle. Bitu byote mulituandikia, biko hapa.

— Ngojeeni na bitu, Papa Anaclet alisema. Iko kimoja sikukiandika. Kijana, leta mukono.

Aristote alikuya, akapiga magoti, akanyoosha mukono ya kushoto. Papa aliikamata na yake, ile ya vidole ine. Mama Myriam aliinama, na hakuona aibu ya machozi.

— Moja, Papa alihesabu mbele ya bantu bote. Mbili. Tatu. Akafika ku ile yenye musitari mwekundu, akaishika muda murefu. Ine. Tano.

Kisha akamuita Dorcelle, akaweka mukono yake juu ya ile ya Aristote.

— Pete banauzisha ku soko. Hii, hapana. Iko yote. Mubariki Mungu, muingize bitu.