Udi na Magodoro Manne

"Mwatum ndiye nani?"

Hija alikuwa amekuja kuchukua simu yake tu. Alisahau hata salamu.

"Mwatum yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Kazi ya Maisa, pale Wete, ilikuwa kuchaji simu za watu, na sheria yake ilikuwa kutozisoma. Aliitii sheria hiyo kwa uchamungu mkubwa mpaka simu ya mchumba wake ilipowaka mbele ya pua yake na ujumbe wa huyo Mwatum ukajisoma wenyewe:

"Udi uko tayari. Magodoro nishayapanga. Wahi, tumalize kabla ya adhana ya alasiri. Maisa asijue."

"Ni mambo ya albamu," alisema Hija.

"Rapu siku hizi inafukizwa udi?"

"Maisa, nipe mpaka Ijumaa nitakueleza."

"Ya nini? Magodoro yapoe?"

Hija, msanii asiye na bosi, asiye na meneja na, kwa maneno ya babake Maisa, asiye na haya, alichukua simu yake akapanda baiskeli akaenda zake. Posa yake ilikuwa kwa baba huyo, Mzee Talal, tangu mfungo mosi, haijajibiwa. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba kijana huyo anaimba kama anayekimbizwa na nyuki. Maisa ndiye aliyekuwa akimtetea, asubuhi na jioni. Sasa aliapa: yakiwa kweli haya, leo leo atamwambia babake airudishe posa, na nyuki wamfikie.

Mize, shoga yake wa duka la pili, aliletewa kesi akaisikiliza kwa makini.

"Mwenzangu, udi hautiwi motoni kufukuza mbu."

"Labda ni jina la mdundo."

"Na magodoro? Hebu mpigie."

Maisa alipiga.

"Uko wapi?"

"Ole," alijibu Hija.

"Kwa nani?"

"Kwa... niko kazini, Maisa."

Nyuma yake sauti ya kike ikasema waziwazi: "Zima simu, Hija. Na hiyo saa uivue." Simu ikakatika.

"Kaambiwa avue," alisema Maisa.

"Avue nini?"

"Saa."

Mize alitikisa kichwa kwa huzuni ya kadhi.

"Huanzia saa."

Maisa alikodi pikipiki mpaka Ole. Wanawake waliokuwa wakianika karafuu walimwonyesha nyumba ya Mwatum bila kumuuliza kitu, na hilo nalo aliliona ushahidi. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa limezibwa kwa godoro. Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa bega.

"Yuko wapi huyo mwanamke? Toka, mchafu weye! Toka na udi wako!"



Magodoro yalikuwa manne, lakini hakuna hata moja lililolazwa. Yote yalisimamishwa kutani, kuzuia kelele za nje. Katikati palikuwa na maikrofoni na kompyuta, na Hija kavaa visikilizio, macho yamemtoka. Pembeni alikaa bibi mmoja asiye na meno ya mbele, na kikombe cha tangawizi mkononi. Na juu ya kigoda, miguu mitupu, udi wa nyuzi ameukumbatia tumboni, alikaa mtu aliyeaga nyumbani asubuhi kwamba anakwenda kuangalia mikarafuu.

"Baba?"

"Salamu kwanza, Maisa," alisema Mzee Talal.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alijibu bibi. "Mchafu ndiye mie. Karibu."

Hapo ndipo Maisa alipolikumbuka jina. Mwatum, mwimbaji wa kikundi cha taarabu cha babake. Vyama vingi vilipoingia, kikundi kilikatika vipande viwili, huyu chama hiki, yule kile, na tangu hapo hao wawili hawakupeana mkono hata mazikoni. Udi wa Mzee ulibaki ghalani kwa Bi Mwatum. Mzee hakwenda kuuomba. Bi Mwatum hakuuza.

"Huyu kijana kaja kwangu kuniomba vidole," alisema Mzee Talal. "Kumbe kwa Mwatum kaomba sauti. Hakuna aliyetwambia, mpaka tukakutana mlangoni."

"Nikamwambia Talal, mlango ni mmoja, ama upite ama unipishe," alisema Bi Mwatum. "Kapita."

"Na mie nisijue kwa nini?"

"Weye ungemwambia mamako," alisema Mzee, "na mamako angeitangazia Wete. Nilitaka kwanza nione kama tutawezana. Nikamwapisha Hija."

Maisa alimgeukia mchumba wake.

"Na saa?"

"Inasikika kwenye maikrofoni. Tik, tik. Na adhana nayo, msikiti uko hapo nyuma." Hija aliitazama kompyuta. "Maisa... ilikuwa inarekodi."

"Futa!"

"Usifute," alisema Mzee Talal. "Hebu irudishe."

Sauti ya Maisa ikajaa chumbani: mchafu weye! Mzee aliijibu kwa nyuzi mbili. Bi Mwatum akafumba macho, akaidaka kwa sauti iliyokaa kimya tangu uchaguzi wa kwanza. Hija akaingia na mistari yake, mbio mbio, na safari hii nyuki walikwenda na udi.

Walipomaliza, Mzee alifuta jasho.

"Kijana, mwambie babako aje Ijumaa achukue jibu."

"Jibu gani, Mzee?"

"Wee, n'kwambie mbele ya maikrofoni?"

Siku ya harusi wimbo huo ulipigwa, na bi harusi akajifunika mtandio usoni. Wageni wa kutoka Mkoani walisifu haya zake. Mize alimjia na chetezo kinachofuka moshi, uso wake mkavu kama anayesoma hotuba.

"Udi uko tayari. Magodoro—"

"Mize, nyamaza."