Miguu ya Malkia

Ko, ko, ko. Upawa wa mbao uligonga ukuta gizani. Pernette aliutundika nyuma ya mlango makusudi, asiingie wala asitoke mtu yeye asijue. Usiku kucha ulikuwa umenyamaza, mpaka saa kumi na moja alfajiri, Februari 1738, askari walipoingia wakamtoa kitandani mumewe Gaspard, mvushaji wa watu ziwani.

"Kaburi la malkia limevunjwa kule abasiani kwa watawa usiku huu. Pete yake haipo. Mtaimbo wako upo pale," askari mmoja alimwambia.

Wakaondoka naye, mlango wakauacha wazi. Binti yake Fanchon, wa miaka minne, akalia kwa baridi.

Mchana hakimu Révil, aliyetoka Chambéry, alimwita Pernette abasiani autambue mtaimbo. Pernette alipita gatini penye rundo la vigae vipya vya paa, akaingia kanisani. Maji yalikuwa yakidondoka toka darini juu ya sanamu za watawala wa kale.

"Wenu huu?"

"Wetu. Hulala mtumbwini, gatini kwenu hapa. Yeyote angeuchukua. Na Gaspard hakutoka usiku, bwana hakimu. Upawa wangu wa mlangoni haukugonga."

"Sasa tuuapishe upawa?" alicheka Dom Théophile, padri mkuu wa abasia. Askari nao wakacheka.

"Mwashi aliyetengeneza kaburi hili je?" Pernette aliuliza.

"Yuko Chambéry wiki nzima, nimemwona mwenyewe," alijibu hakimu. "Anabaki mumeo. Adhabu yake ni kupiga makasia katika merikebu za mfalme maisha yake yote."

Pernette akasogea mbele. Akashika ukingo wa kaburi, macho yakamwangukia malkia ndani ya jeneza lililoachwa wazi.

"Nani kamgeuza?"

"Hakuna aliyemgusa," Dom Théophile alidakia. "Tumemkuta hivyo hivyo."

"Bwana hakimu, tazama. Kichwa kiko upande wa altare!"

Hakimu akainama kutazama. Jambo hili kila mtu alilijua pale ziwani. Asiye padri, awe malkia, awe mchunga mbuzi, huzikwa miguu ikielekea altare, ili siku ya ufufuo ainuke akiitazama. Padri tu ndiye hulazwa kinyume, apate kuwatazama waumini wake.

"Mwizi alilivuta jeneza nje," hakimu alisema polepole, "kisha akalirudisha kwa mazoea ya mikono yake."

"Mume wangu amevusha maiti za vijiji vyote hivi. Hata akiwa amelewa chakari angemlaza sawa. Hapa nani huzika mapadri?"

Homa ya msimu ule ilikuwa imewachukua mapadri watatu wa abasia, na wote watatu walilazwa kaburini na Dom Théophile. Waliobaki naye walikuwa mabruda wawili vikongwe, kengele yenyewe iliwashinda kuvuta.

"Vile vigae gatini, Padri," hakimu akauliza, "analipa nani?"

Padri akapaza sauti.

"Abate, mkubwa wetu, anakula mapato yetu mjini, hajalala hapa hata siku moja! Mnaliona hili paa? Malkia mwenyewe angenipa ile pete. Nyumba ya Mungu ilihitaji paa!"

"Na yangu je?" Sauti ya Pernette ilijaa kanisa zima. "Yangu haihitaji nguzo? Wewe uimbe zaburi pakavu, Gaspard wangu avute makasia na minyororo miguuni? Mikono yako hiyo hiyo ndiyo iliyombatiza mwanangu!"

"Nilidhani watamwachia..."

"Ulidhani maskini hana wa kumpigania!"

Hakimu akampokonya padri funguo za abasia, akawaashiria askari wamchukue.

Jioni upawa uligonga ukuta. Gaspard alisimama kizingitini, vifundo vya mikono vina alama za kamba, asijue aingie au alie kwanza. Pernette, aliyepiga kelele mchana mzima, akaishika mikono ile taratibu.

Fanchon akainua uso toka kwenye bakuli la supu.

"Baba, funga mlango, baridi inaingia."