Ufa Chini ya Kitambaa cha Buluu

Kila alasiri akitoka shule, Tahira alivua sare, alikula, kisha alimpokea mdogo wake Karimu ili mama yao apate kufua. Karimu alikuwa na miezi saba, mashavu mazito, na tabia ya kuvuta masikio ya watu. Walikaa mjini Rumonge, katika mtaa unaonukia mawese mapya tangu asubuhi. Baba yao, Kassimu, aliyanunua mawese kwa wakamuaji na kuyapeleka Bujumbura kwa gari lake dogo jeupe.

Zamani Karimu alipakatwa na mama ndani ya gari. Lakini mwezi uliopita mbuzi walikatiza barabara ghafla. Baba alikanyaga breki, na Karimu akamponyoka mama mikononi. Alipata uvimbe mdogo tu kwenye paji la uso. Hata hivyo mama, Warda, hakumweka chini mpaka jioni.

"Sitapanda tena gari na mtoto huyu hivi hivi," alisema.

Kesho yake baba na Tahira walikwenda kwa fundi Mustafa, anayeuza vifaa vya magari vilivyotumika karibu na soko. Fundi aliwaonyesha viti viwili vya watoto.

"Hiki kikubwa ni cha mtoto anayetembea," alisema. "Wa kwenu shingo yake bado laini. Mpe hiki kidogo chenye mpini, na akikaa atazame nyuma ya gari. Breki ikishika, mgongo wa kiti utamdaka mwili mzima." Kisha akainua kidole. "Ila kisiangushwe! Kikianguka vibaya, hakifai tena. Usimweke mutoto ndani."

Baba alikinunua kile kidogo, na Tahira aliyasikia maneno hayo vizuri.

Alhamisi moja baba alikitoa kiti garini ili apate nafasi ya mabidoni, madumu yake makubwa ya mawese, akakiacha barazani. Mama alimwambia Tahira apeleke bidoni dogo la mawese kwa Bibi Zainabu, mama yake baba, ambaye hupika sabuni nyumbani kwake chini karibu na ziwa. Binamu yake Wema, wa umri wake, alifuatana naye. Bidoni lilikuwa zito, na kamba ya mpini iliwakata vidole.

"Ngoja," Wema alisema. "Tulipandishe kwenye kile kiti, tuvute. Tufanye taksi ya Bujumbura! Hili bidoni ndilo mutoto wetu."

Tahira alisita, kisha akacheka. Walifunga kamba kwenye kiti, wakaliweka bidoni ndani bila kulifunga mkanda, wakaanza kuvuta. Mahali pa tambarare mchezo ulikuwa mtamu. Walipofika kwenye mteremko, kiti kilianza kwenda chenyewe. Kamba ilimponyoka Tahira. Kiti kiliruka, kikagonga jiwe kubwa kwa kishindo, na bidoni likarushwa mbele likapasuka.

Mawese mekundu yalitapakaa juu ya mawe.

"Mutoto wetu amekufa!" Wema alisema huku akicheka. Kisha akauona uso wa Tahira, akaacha kucheka.

Tahira alikuwa anautazama ule wekundu. Hakuliona bidoni tena; alimwona Karimu. Alikigeuza kiti, akainua kitambaa chake cha buluu. Nyuma, kwenye plastiki, palikuwa na ufa mrefu kama kiganja.

"Ufa iko nyuma," Wema alinong'ona. "Kitambaa kinafunika. Nani ataona?"

Walikirudisha kiti barazani, wakaupaka ufa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, wakakirudisha kitambaa na kukivuta vizuri.

Walipofika kwa Bibi, Tahira alisema tu kwamba aliteleza na bidoni likapasuka. Bibi Zainabu hakumgombeza. Alimkalisha, akamtazama magoti yote mawili, akampangusa mawese miguuni kwa ncha ya kanga yake.

"Mawese mengine yatakamuliwa," alisema. "Weye hujaumia, mjukuu wangu?"

Tahira alitikisa kichwa. Ule upole ulimchoma kuliko fimbo.

Ijumaa baba alirudi na furaha. Kesho wote wangekwenda Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwenye harusi ya binti wa shangazi Hadjara. Mama alipiga pasi kanzu ndogo ya Karimu. Tahira alimwendea mara tatu, na mara tatu akauliza kitu kingine: maji yako wapi, viatu viko wapi, Bibi anakuja saa ngapi. Alijua kwamba akisema, safari itakufa na baba atakasirika sana. Mama alipotoka, aliingiza mkono chini ya kitambaa na kuubonyeza ufa. Gundi ilikuwa imebanduka. Ufa ulifunguka, ukajifunga, kama mdomo.

Jumamosi asubuhi baba alikifunga kiti garini. Mama alimweka Karimu ndani, akambana mkanda, akambusu. Alikuwa ametulia, kwa sababu sasa aliamini mtoto wake yuko salama. Yeye alikaa mbele na baba. Bibi na Tahira walikaa nyuma, na Karimu kati yao.

Barabara ilifuata ziwa. Kila shimo walilopita, Tahira alisikia sauti nyembamba nyuma ya kiti. Kwii. Hakuna mwingine aliyeisikia. Bibi alikuwa anasimulia harusi yake mwenyewe, na mama alikuwa anacheka. Kwii. Tahira alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kukizuia yeye mwenyewe.

"Mbona unakishika hivyo?" Bibi aliuliza.

"Basi tu, Bibi."

Karibu na Magara, lori lililokuwa mbele yao lilisimama kupakia ndagala, dagaa wa ziwani. Baba alikanyaga breki, wala si kwa nguvu. Kiti kilisogea. Karimu alishtuka, akaanza kulia. Tahira aliingiza mkono chini ya kitambaa, na safari hii kidole chake kizima kiliingia ndani ya ufa. Alikumbuka lile jiwe na yale mawese.

"Baba, simama! Simama!"

Baba aliegesha gari pembeni. "Nini? Umeona nini?"

"Kiti kimevunjika." Tahira alikionyesha kwa kidole. "Mimi ndiye niliyekivunja, Alhamisi. Nikauficha ufa."

Mama alishuka mbio, akamfungua Karimu na kumkumbatia kifuani. Baba aliinua kitambaa, akapitisha kidole juu ya ufa.

"Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Na leo ukamwona mama yako anamfunga humu?"

"Ndiyo, baba."

Baba alitembea mpaka ukingo wa maji, akasimama akiwapa mgongo. Tahira angependa apigwe kuliko kuuona mgongo ule.

Mwanamke aliyekuwa akigeuza ndagala kwenye jua aliwakaribia. Jina lake Dusabe.

"Amahoro! Gari imeharibika?"

"Amahoro, mwanangu," Bibi aliitikia salamu. "Gari ni zima. Kiti cha mtoto ndicho kibovu."

Dusabe alitandika mkeka chini ya kibanda chake cha mabati, akasogeza ndoo zake. "Mutoto asikae juani," alisema.

Baba alirudi. "Karimu hapandi gari hili kwa kupakatwa, wala kwa kiti hicho," alisema. "Mama, wewe na Warda mbaki naye hapa. Tahira, ingia. Tunarudi kwa Mustafa."

Njiani Tahira alilia kimya, akitazama dirishani. Walipokaribia mjini, baba alisema, "Nimekasirika. Lakini umesema kabla hatujafika kwenye kona kali za Gitaza. Hilo nimeliona."

Kwa fundi Mustafa palikuwa na viti viwili vidogo. Tahira alivigeuza vyote, akainua vitambaa, akabonyeza plastiki, akavuta mikanda.

"Hiki kiliwahi kuanguka?" aliuliza. "Kilikuwa kwenye gari lililogongwa?"

Mustafa alicheka. "Kassimu, huyu ni binti ao ni polisi wa barabarani?" Kisha aliyaona macho mekundu ya Tahira, akaacha mzaha. "Hicho chekundu kilikuja na vitu vingine, sijui kilikotoka. Kiache. Hiki cha kijivu nakijua. Alikikalia mwanangu Espoir, na hakijaanguka hata siku moja."

Walichukua cha kijivu. Fundi alipoushika mkanda wa gari, alinusa vidole vyake.

"Mkanda huu umekunywa mawese! Mabidoni yako, Kassimu. Kifungo kinateleza."

"Basi hata mimi nina kosa langu," baba alisema kwa sauti ya chini.

Mustafa aliusafisha kwa maji ya moto na sabuni, akaukausha, akakifunga na kukifungua kifungo mpaka kikalia vizuri. Kisha alimwambia Tahira akandamize kiti kwa goti huku baba akivuta mkanda kwa nguvu. Fundi alikitikisa. Hakikusogea.

"Fundi," Tahira alisema, "naomba bidoni la maji."

Baba alimtazama, akaelewa. Waliweka bidoni ndani ya kiti, Tahira akalibana mkanda. Nyuma ya soko palikuwa na uwanja mtupu. Baba aliendesha, kisha akakanyaga breki kwa nguvu. Tahira, aliyesimama pembeni na fundi, alifumba macho. Hakusikia kishindo. Alipofumbua, bidoni lilikuwa mahali pake, maji yakichezacheza ndani.

"Hicho cha zamani niachie," Mustafa alisema. "Kitambaa bado kizuri, mtu atakinunua."

"Hapana!" Tahira alisema. "Mtu huyo atamweka mtoto wake humo, na hajui."

Fundi alimpa mkasi. Tahira aliikata mikanda yote ya kiti kile, mmoja mmoja, ili mtu yeyote asikitumie tena.

Walipofika Magara, Karimu alikuwa amelala juu ya mkeka, na Dusabe alikuwa akimfukuzia nzi kwa kipande cha boksi. Mama alikitikisa kiti kipya mwenyewe, mara mbili, kabla ya kumweka mtoto.

"Murakoze cane," baba alimshukuru Dusabe.

Harusini wangefika chakula kimekwisha. Hakuna aliyelalamika. Gari lilipoanza kwenda, Bibi Zainabu alichukua mkono wa Tahira na kuuweka mapajani mwake.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kukivunja kiti ni kosa la mchezo, na makosa ya mchezo tunayatengeneza. Kosa lililotaka kutuua ni kulifunika kwa kitambaa. Ulituacha tukiamini kitu ambacho weye peke yako ulijua si kweli. Siku nyingine ukiogopa, njoo na hofu yako hiyo hiyo, mikono ikitetemeka, kwangu ao kwa mama yako. Lakini njoo kabla gari halijawashwa."

"Nitakuja, Bibi. Na Alhamisi sikuteleza. Tulikuwa tunacheza."

"Nilijua," Bibi alisema. "Magoti yako hayakuwa na hata alama. Nilikuwa nakungoja."

Waliingia kwenye shimo. Tahira alishtuka, akasikiliza. Hapakuwa na sauti yoyote nyuma ya kiti. Karimu aliamka, akanyoosha mkono wake mnene, akamvuta sikio.