Wingu la Maneno la Darasa la Tano

Msimu wa korosho ukiingia Rutamba, kijiji chote hunukia mabibo. Watu huamka alfajiri, hushika ndoo na kuinama chini ya mikorosho. Watoto nao husaidia kabla ya kwenda shule. Wengine husaidia, na shule wasifike.

Mwalimu Dadi alilijua hilo, au alidhani analijua. Alifundisha sayansi darasa la tano. Kila alipoita majina, madawati yalizidi kuwa matupu. Na waliofika walikaa kimya kama wamemwagiwa maji. Akiuliza swali, macho yote yalikwenda sakafuni.

Aliyemuudhi zaidi ni Apolonia, binti wa mzee Severini. Zamani huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sasa hakuonekana kabisa. Basi, katika mkutano wa kijiji, Mwalimu Dadi alisimama akamtaja baba yake mbele ya watu wote.

"Mzee Severini anamtumikisha mtoto shambani," alisema. "Kwake korosho ni bora kuliko shule."

Watu waligeuka kumtazama Severini. Yeye aliinamisha kichwa. Mwalimu alirudi nyumbani kifua mbele.

Darasa la jirani lilikuwa la Mwalimu Salima, aliyehamia kutoka Mtanda, mjini Lindi. Alifundisha Kiswahili darasa la nne. Wanafunzi wake walijibu kwa sauti mpaka Dadi akawasikia kupitia dirisha. Mwishowe uzalendo ukamshinda. Akaenda kumuuliza anawalisha nini watoto wale.

Salima alicheka, akamwonyesha karatasi ya manila ukutani. Ilijaa maneno, mengine makubwa kama kiganja, mengine madogo.

"Hili ni wingu la maneno, kaka Dadi," alisema. "Ninauliza swali moja. Kila mtoto anaandika neno moja kwenye kipande cha karatasi, bila jina lake. Tunakusanya, tunaweka pamoja yaliyofanana. Neno lililoandikwa na wengi tunaliandika kubwa. La wachache tunaliandika dogo. Wenye kompyuta huiachia ifanye kazi hiyo. Sisi tuna markapeni na mikono yetu."

"Na faida yake nini?"

"Unaona darasa zima linawaza nini. Hata asiyenyoosha mkono anakuwa amesema. Ila usiwachagulie maneno. Na lile usilolipenda, liandike vilevile."

Dadi alifurahi, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Angewauliza watoto kwa nini wenzao hawaji shule. Neno korosho lingejaa karatasi nzima. Kisha angeipeleka mkutanoni, Severini na wenzake wajionee.

Kesho yake aliuliza swali hilo. Watoto waliandika huku wamefunika karatasi kwa mikono. Walipokusanya vikaratasi na kuvipanga, fungu moja lilizidi kupanda. Halikuwa la korosho. Korosho lilikuwa na vikaratasi vichache tu. Fungu kubwa lilikuwa la neno "kuchekwa". Lililofuata lilikuwa la neno "popo".

Mwalimu alikunja uso. Akauliza popo anahusika vipi na shule. Watoto walitazamana. Kisha wote wakatazama nafasi ya Apolonia.

Hapo akakumbuka. Muhula uliopita aliwaambia wataje ndege, na Apolonia akasema popo. Yeye aliangua kicheko. "Ndege gani huyo anayenyonyesha?" alimwambia. "Kaa chini, Popo." Darasa zima likacheka. Kwake ulikuwa utani, na uliisha palepale. Kwa Apolonia haukuisha. Jina hilo lilimfuata mpaka kisimani.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alishika markapeni. Angeweza kuandika korosho kwa herufi kubwa. Nani angejua? Watoto wangejua. Akaandika "kuchekwa" katikati, kubwa kuliko maneno yote, na "popo" pembeni yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alimwonyesha Salima karatasi ile bila kumtazama usoni. Salima hakumlaumu. Alimuuliza tu kama aliwahi kwenda kwa Severini kuulizia habari za mtoto. Dadi alisema hapana, na aibu ikamzidi.

Jioni alikwenda. Alimkuta mzee Severini akianika korosho kwenye mkeka. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, lakini hakukaribishwa kukaa. Alifungua karatasi akaeleza yote, hakujitetea. Kisha akaomba radhi.

Severini alisema kwamba kila asubuhi alimwona binti yake akitoka na sare za shule. Kumbe alikuwa anajificha kwenye mikorosho mpaka wenzake watoke. Yeye baba alikuja kujua siku ile ya mkutano, pamoja na watu wote, kuwa mtoto hafiki shule. Tangu hapo mtoto amegoma kurudi shule, na yeye hata kanisani anakaa nyuma.

"Nimekusikia, mwalimu," alisema. "Lakini mimi uliniaibisha mbele za watu. Hapa tuko wawili tu."

Mkutano uliofuata, Mwalimu Dadi alisimama na karatasi yake. Alisema mzee Severini hana kosa. "Aliyemfukuza mtoto shuleni ni mimi, kwa kumcheka," alisema. Wapo waliocheka, naye akasimama palepale mpaka wakanyamaza. Aliporudi kukaa, Severini alisogea kwenye benchi akampa nafasi.

Baada ya hapo Severini alimrudisha binti yake shuleni, na mwalimu akamwomba Apolonia radhi mbele ya darasa. Akaweka sharti kuwa hachekwi mtu kwa kukosea, na wa kwanza kulifuata ni mwalimu. Kila mada mpya ilianza kwa wingu la maneno. Alipouliza mbegu inahitaji nini ili iote, neno "mbolea" lilitoka kubwa, na "hewa" dogo kabisa. Hakugomba. Alijua sasa pa kuanzia. Walipanda choroko kwenye makopo: moja dirishani, moja ndani ya kabati lenye giza, moja limejaa maji pomoni. Habari zikafika majumbani, na watoto waliopotea wakaanza kurudi.

Apolonia alikaa muda mrefu bila kusema kitu. Siku moja mwalimu aliuliza kwa nini choroko zilizofunikwa na maji hazikuota. Mkono wa Apolonia ukapanda polepole.

"Kwa sababu hazikupata jua," alisema.

Alikuwa amekosea. Mwalimu aligeukia makopo.

"Asante, Apolonia. Zile za kabatini zilipata jua?"

"Hapana."

"Ziliota?"

"Ziliota."

Wenzake walimtazama, na hakuna aliyecheka. Apolonia hakukaa. Alibaki amesimama, akiyatazama makopo na kuwaza.

"Mwalimu," alisema, "naomba nijaribu tena."