Mgeni Chumbani kwa Halfani

Halfani alipopata fahamu, alimtabasamia mtu aliyesimama nyuma ya mkewe. Mwantum akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Jiwe lilimpiga kichwani huko Ihumwa, Wajerumani walipokuwa wakipasua mwamba kwa baruti ili reli ipite. Wenzake walimleta kwa machela mpaka kwenye tembe lake. Jeraha likafunga, lakini kumbukumbu hazikurudi. Mwantum alimweleza kwamba yeye ndiye mkewe, kwamba walitoka Kondoa pamoja. Halfani akamjibu kwa adabu, kama ajibiwavyo mgeni, kwamba mkewe yumo chumbani.

Tangu hapo Mwantum akawa anaosha vyombo uani, mchana kweupe, huku akimsikia mumewe akinong'ona na kucheka mle ndani, na sauti ya kike ikimjibu, na kila alipoingia alipokewa na harufu ya nywele zilizoungua, na kando ya kitanda kigoda kitupu chenye joto, kama kwamba aliyekikalia ndiyo kwanza ameinuka.

Akamwita Bibi Batuli, mganga wa kwao. Bibi alifukiza ubani, akasoma, akasoma tena, mpaka udongo wa dari ukaanza kudondoka na Halfani akatetemeka mwili mzima, akamkazia Mwantum macho yasiyopepesa, na kwa sauti ile ya kike akamwita Tumu, jina ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu, kisha akamsimulia harusi yao na mtoto waliyemzika, bila kukosea neno.

"Yote ninayo mimi," sauti ilisema. "Niache nikae, atakukumbuka. Nikitoka, natoka nayo."

Bibi Batuli akamnong'oneza Mwantum kwamba hapo uamuzi ni wake.

Mwantum alilia. Jina lile alikuwa amelitamani kuliko maji. Kisha akajifuta kwa ncha ya kaniki.

"Atakayenikumbuka ni wewe, si yeye," alisema. "Mimi sikuolewa nawe. Toka, nenda nayo."

Mlango ukajibamiza, kuku wakatawanyika uani, na ile harufu ikakatika.

Halfani alilala kutwa. Alipoamka, Mwantum alimwekea ugali wa uwele na mlenda. Alikula akimtazama kwa kuibia, halafu akamuuliza kwa haya kama ameolewa.

"Nimeolewa," alisema Mwantum. "Ila mume wangu bado hajanijua. Kula, kinapoa."